Uliniuliza Kama Ualimu Ni Hasara

Mapendo wangu,

Umeenda kanisani na mdogo wako kuagwa na kwaya, na baba yako amekufuata akiwa amevaa lile shati la bluu nililomkataza, kola yake imekwisha. Nimebaki peke yangu na mashine ya kushona, sanduku lako karibu na mlango, na sufuria ya maharage ambayo haitaki kuiva. Nakuandikia sasa, jua likiwa bado juu, maana jioni nyumba itajaa wageni na mimi nitaanza kulia, na barua ya mtu anayelia haisomeki. Utaisoma kesho ukishafika Lilongwe, usiifungue kwenye basi.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji, wala wavulana. Hayo umeyasikia mpaka masikio yamechoka, na yaliyobaki shangazi yako atakupigia simu kuyasema kila Jumapili, upende usipende. Mimi nataka kujibu swali lako.

Unalijua. Siku ile nilikuwa nashona kola za sare, wewe umekaa chini unachambua maharage, ukaniuliza bila kuinua macho: "Mama, we unaona hii masomo yangu ni hasara?" Nikakanyaga mashine. Ukangoja. Nikakanyaga tena mpaka mwisho wa kola, halafu nikakuambia sindano imepinda, kimbia kwa jirani Maman Solange ukaniletee nyingine. Sindano ilikuwa nzima. Uliiona ni nzima, ukaenda tu, maana nimekulea na adabu.

Tangu siku hiyo umekuwa mpole kwangu kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. Unadhani nimelipa ada kwa sababu baba yako alinishinda kwa maneno. Mwanangu, baba yako hajawahi kunishinda kwa maneno, hata siku ya posa. Nimelipa kwa akili yangu mwenyewe. Lakini najua unaondoka na ule wasiwasi kwamba mama amekununulia kitu asichokiamini, na sitaki uingie darasani na mzigo huo.

Tuanze na hesabu, maana wewe ni mtoto wangu na bila hesabu hutaniamini. Chuo ni miaka minne. Kanisa limechukua nusu ya ada, nusu ni yetu, na juu ya nusu yetu kuna chumba cha Area 18 huko Lilongwe, nauli, fotokopi, na chakula, kwa sababu hakuna aliyefaulu kwa kunywa maji. Mimi kila kitu nakipima kwa sare za shule. Kila muhula wako ni rundo la sare linalofika hapa kwenye dirisha, na macho yangu si yale ya zamani. Upande wa pili nikaweka mshahara wa mwalimu anayeanza kazi. Niliwauliza walimu Wamalawi ninaowashonea, wakacheka. Mmoja aliniambia mshahara wake unaingia, unamsalimia, unaondoka. Ukitoa nyumba, unga wa nsima, na kitu kidogo cha kututumia sisi (na utatutumia, usijifanye hujui), kinabaki cha kununua viatu. Kwa mwendo huo, pesa tunayotoa leo itachukua miaka mingi kurudi. Na hiyo ni kama umeajiriwa. Wewe ni mkimbizi, na kibali cha kazi hakitakuwa kinakungoja mlangoni siku ya mahafali.

Halafu kulikuwa na ile kazi ya Kanengo, kule kwenye viwanda. Yule mzee Mkongo wa ghala la unga, anayenunua aproni kwangu, alikutaka ukae kaunta upokee pesa za wateja. Kibali alisema atakihangaikia yeye. Mshahara aliotaja ulipita kidogo ule wa mwalimu anayeanza, na ungeanza mwezi ule ule, bila kusoma hata siku moja zaidi. Nilijumlisha, nikatoa, nikageuza juu chini kama kitambaa kisichotosha. Jibu lilikuwa moja kila mara. Kwa pesa tupu, Kanengo inakushinda wewe na digrii yako.

Hesabu hiyo sikuikosea, hata leo iko hivyo. Lakini kuna vitu sikuviweka ndani yake, na vingine sikuvijua. Vumilia nikusimulie, kuna mambo unayasikia kwa mara ya kwanza.

Unapenda kuwaambia rafiki zako kwamba maman wako alikuwa mwalimu kule Fizi, Kongo. Unasema kwa maringo, nakusikia. Ni kweli. Nilikuwa na diploma ya ualimu, na siku niliyoileta nyumbani baba yangu alichinja mbuzi ambaye hakuwa wake, akamlipa mwenye mbuzi baadaye. Nikapewa darasa la tatu na ahadi ya matricule, ile namba inayomwingiza mwalimu kwenye mshahara wa serikali. Namba haikuja. Wenzangu wengi hawakuwa nayo pia. Tuliishi kwa prime, pesa ambayo wazazi walimlipa mwalimu wao wenyewe kila mwezi, na aliyeileta ni mtoto. Alikuja nayo imefungwa kwenye ncha ya kitambaa. Kama nyumbani hakukuwa na pesa, alileta ndagala wakavu au kopo la unga wa muhogo. Asiyeleta kitu, alifukuzwa mpaka alete.

Fikiria kazi ya namna hiyo. Asubuhi unaingia darasani, watoto wanasimama, wanakusalimu kwa wimbo, na wewe macho yako yanatafuta mikononi mwao nani amebeba nini. Nilikuwa na njaa, Mapendo. Nilikuwa kijana, nina viatu vya jozi moja, na nilijua mtoto gani ni chakula changu cha wiki hii. Nilikuwa nawachukia wale wa baba maskini, nakwambia kweli, wale wenye akili zaidi ndio niliowachukia zaidi, kwa sababu walinipa kazi na hawakunipa unga.

Kulikuwa na msichana mmoja, jina lake Riziki, mama yake mjane. Direkta, mkuu wa shule, alipita kufukuza wasiolipa, Riziki akatoka. Lakini hakwenda nyumbani. Alizunguka akasimama nje ya dirisha langu, akawa anajibu pamoja na darasa. Nikiuliza saba mara nane, sauti ya kwanza inatoka nje. Wenzake wakacheka. Direkta akarudi, akaniambia mwalimu, wengine wamelipa, huyu anakula bure, funga dirisha. Lilikuwa dirisha la mbao. Nikalifunga. Joto likatujaa humo ndani na bado nilimsikia akijibu nyuma ya mbao, mpaka akanyamaza.

Hakuna aliyenilaumu. Kesho yake niliendelea kufundisha, na mwezi ule nilikula. Lakini uliponiambia unataka kuwa mwalimu, kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wangu kwenye lile dirisha. Nilidhani naogopea pesa yangu. Nilikuwa nakuogopea wewe, usije ukawa mtu anayemwangalia mtoto mikononi kabla ya kumwangalia usoni.

Vita vilitutoa kule, hayo unayajua. Hapa kambini Dzaleka nilifika na diploma yangu ndani ya mfuko wa nailoni, haijalowa hata kona. Nikaipeleka shuleni. Waliniangalia kwa huruma. Ni karatasi ya Kifaransa, ya nchi nyingine, na hapa darasani ni Kiingereza na Chichewa. Wakaniambia naweza kuwa msaidizi wa darasa kwa posho ndogo, nikalinganisha na mashine ya kushona, nikachagua mashine. Kwa hiyo usimwamini atakayekuambia kwamba digrii ikishaingia kichwani mwako ni yako popote utakapokwenda. Yangu niliibeba nchi tatu, ikafika haina kazi. Bora ulijue hilo mapema kuliko kulipata ukubwani kama mimi.

Sasa nije kwenye makoti, na usicheke.

Ulipomaliza fomu ya nne na matokeo yako yakatoka, mtaa mzima ulikuja kunywa soda zetu. Kama ningekuwa na akili ningekupeleka chuo mwaka ule. Lakini tulikuwa na kesi ya kuhamia ng'ambo. Tulishafanya mahojiano ya kupelekwa nje, na mtu akishafanya mahojiano hapa Dzaleka anaacha kuishi. Hatengenezi paa, hanunui meza, hapandi mti, kwa sababu ndege inakuja. Nilikuambia, "Ngoja kidogo, tutasomea kule." Nikasikia kule kuna baridi, nikanunua kitambaa kizito, nikawashonea wewe na mdogo wako makoti ya theluji, yenye bitana na vifungo vikubwa. Mkakua. Nikafumua mikono, nikarefusha. Mkakua tena. Nikarefusha tena, nikaongeza kitambaa cha rangi nyingine mbavuni, mkaonekana kama vinyago. Miaka miwili nimeshona koti lile lile na hakuna ndege iliyotua. Kwa pesa ya kitambaa kile ungekuwa umemaliza muhula, na kwa muda ule ungekuwa nusu ya njia. Wewe hukuninung'unikia hata siku moja. Ningependa ungeninung'unikia.

Hata hivyo, ni katika miaka hiyo miwili ulipoanza lile darasa lako la barazani. Mimi nakumbuka nilivyolipokea: kwa kelele. Nilisema watoto wanakanyaga vitambaa vyangu, wanachezea chaki ya fundi, wanafanya wateja wakimbie. Uliwaweka juu ya vipande vya sare, kila mtoto na kipande chake, na kila siku walikuwa wanaongezeka. Wa kwanza alikuwa Divine wa Maman Solange. Alikuwa darasa la nne, hajui kusoma, na hakuna aliyejua hajui. Shuleni wamejaa mpaka mwalimu hamfikii.

Nilikuwa hapa dirishani, nashona, nikamsikia anakusomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikajisemea, huyu anasoma vizuri, anatafuta nini kwetu? Wewe ukageuza kitabu, ukafungua mahali pengine, na hapo mtoto akaanza kusoma maneno yale yale ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa ameyakariri yote kwa kuwasikiliza wenzake. Wengine walikuwa bado hawajaelewa. Mimi nilielewa, nikangoja nione utamfanya nini. Mimi ningemchapa, nakuapia. Direkta wangu angemsimamisha mbele ya darasa. Wewe ulisema, kwa sauti ndogo, "Divine, we uko na kichwa ya ajabu. Mi siwezi kushika ukurasa muzima vile. Sasa tutafute macho yafanye kazi kidogo, kichwa ipumzike." Ukaanza naye kwa Kiswahili cha nyumbani, herufi moja moja, na siku hiyo hakuna mtoto aliyejua kwamba Divine amekamatwa.

Nilisimamisha mashine. Ukaniuliza, "Mama, uzi umekatika?" Nikasema ndiyo.

Nina diploma ya ualimu, nilisomea miaka, na jambo lile hakuna aliyenifundisha na nisingeliweza. Niliona fahari kubwa. Sikukuambia, kwa sababu mimi ni mtu mgumu, na kwa sababu nilijua nikikuambia tu, hesabu yangu yote ya Kanengo imeanguka.

Basi sikiliza nilichofanya. Siku ile niliyokuambia nimeenda Lilongwe kununua zipu, zipu nilinunua, ndizo hizi. Lakini kwanza nilikwenda Capital Hill, kwenye ofisi za serikali. Nilivaa kitenge changu cha harusi za watu. Nilizungushwa ofisi hii na ile, hakuna aliyenikosea adabu, mpaka nikafika kwa baba mmoja mwenye miwani, nikamuuliza kwa Chichewa changu kibovu: mtoto wa mkimbizi akimaliza digrii ya ualimu hapa hapa Malawi, mtamwajiri? Alivua miwani akaifuta. Akaniambia, "Amayi, sindinganene kuti inde. Sindinganenenso kuti ayi." Hawezi kusema ndiyo, na hapana pia hawezi kuisema. Sheria ni hivi leo, kesho hajui, wapo waliopata vibali na wapo wanaongoja, na shule za watu binafsi nazo huajiri. Nilitaka kumlilia pale pale. Mtu mzima nimepanda minibasi kutoka huku kwetu Dowa kwenda kununua neno moja, na duka halina.

Nilipoinuka akaniuliza kama mtoto mwenyewe anawapenda watoto. Nikamwambia habari ya Divine, nusu kwa Chichewa, nusu kwa mikono. Alicheka. Akasema shuleni kwa binti yake watoto wanakaa chini, na mwalimu ni mmoja. "Aphunzitsi akusowa, Amayi." Walimu wamekosekana. Nikamshukuru, zikomo, nikatoka.

Ahadi hakunipa, usije ukamdai mtu. Lakini kwenye basi la kurudi niliwaza jambo moja. Yule baba, kama siku moja serikali yake itakulipa, atakulipa kutoka kule juu kwenye ofisi zao, mwisho wa mwezi, na mtoto hatajua. Mtoto atakuja mikono mitupu na utamfurahia. Hata ikiwa kidogo, itakuwa pesa ambayo haikumfukuza mtu. Mimi sikuwahi kuishika pesa ya namna hiyo kwa kazi ile.

Basi lilipofika Kanengo, ile harufu ya tumbaku ikaingia dirishani, nikamwambia konda anishushe. Nilikwenda kwa yule mzee wa unga. Wewe unajua kwamba nafasi ile alipewa mtu mwingine. Alipewa baada ya mimi kumwambia hutakuja. Yeye hakukuacha, Mapendo. Ni mimi niliyekataa. Alinishangaa. "Mama Mapendo, uko na homa? Batoto bengi banaililia hii kazi." Nikamwambia, "Wangu anakwenda chuo." Nilisema kwa sauti kubwa mpaka wabeba magunia wakageuka.

Nilifanya hivyo kwa sababu wiki ile ulishaanza kusema, labda Kanengo kwanza, chuo baadaye. Hiyo "baadaye" naijua. Niliishona ikawa koti, nikairefusha mikono mara mbili. Sikutaka kuishona ya tatu.

Lakini nilipofika nyumbani woga ukanirudia. Nilikuwa nimekukatia mshahara kwa mdomo wangu, bila kukuuliza, kwa jibu ambalo si ndiyo na si hapana. Ndiyo maana uliponiuliza kama ni hasara, nilikanyaga mashine. Kama ningesema si hasara, ningekuwa nakuahidi kitu nisichokijua. Kama ningesema ni hasara, ni nani aliyeisababisha? Nisamehe kwa ile kazi ya Kanengo niliyokunyima. Lakini nikikwambia najuta, nakudanganya.

Baba yako yeye hana shida hizi. Amewaambia vijana wote wa kabaza pale stendi kwamba binti yake anakwenda kuwa profesa. Mmoja wao alinibeba jana na baiskeli yake akakataa nauli, anasema hawezi kumtoza mama wa profesa. Nilimlipa, lakini sikumsahihisha.

Ngoja kwanza, kuna mtu anabisha hodi.

Nimerudi. Maharage yameungua kidogo upande wa chini, utayala hivyo hivyo. Aliyekuja ni Maman Solange na Divine wake. Amebeba beseni kichwani, limefunikwa kitambaa. Nilidhani ameleta kazi ya kushona, nikamwambia leo sipokei. Akaliweka chini hapa mbele ya mashine, akafunua. Unga, maharage, sabuni za kipande, kalamu, na pesa kidogo ya kwacha imefungwa kwenye ncha ya kitambaa. Fundo lile nalikumbuka.

"Ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni prime ya mwalimu," akasema. "Bamama ya batoto ya baraza, tumekusanya."

Anatoka Rwanda lakini aliishi Kongo muda mrefu, neno analijua vizuri. Nikasimama. Unajua hasira yangu ilivyo. Nikamwambia, "Solange, rudisha. Mapendo hakudai muntu. Mi kwa hii nyumba sitaki kusikia ile neno."

"Tunajua hakudai," akasema. "Hakutulombaka hata siku moja. Njo maana tunaleta."

"Na yule asiyekuwa na kitu?"

"Asiyekuwa na kitu hakuleta. Mtoto yake si atakuja tu? Nani atamufukuza?"

Nilikaa chini kwenye kiti cha mashine. Nikalichukua beseni lile kwa mikono miwili, nikamwambia aksanti, nikalia mbele yake, kabla hata jioni haijafika. Na yeye akaanza kulia, basi tukawa wawili wajinga na beseni katikati.

Mapendo, hii sikuiweka kwenye hesabu yangu kwa sababu sikuwa nimewahi kuiona. Haitalipa chumba cha Area 18, na ule mshahara utabaki mdogo. Mimi nitaendelea kushona sare, na huenda siku ya kumaliza tukaambiwa tungoje tena. Lakini umeifanya kazi ile kwa namna ambayo mimi sikuiweza nikiwa na diploma mkononi, na watu wasio na kitu wamekuja kuilipa bila kufukuziwa mtoto. Uliniuliza ninaona nini. Si hasara. Ni kitu cha fahari kuliko vyote nilivyowahi kulipia, na ningekuwa na mashine mbili ningelipia mara mbili.

Ndani ya sanduku, chini kabisa, utakuta koti. Ni lile la theluji. Nimetoa bitana, nimeondoa zile mbavu za rangi nyingine, nimelikata upya kwa kipimo chako cha leo. Litakufaa siku watakapokupeleka shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha.

Maman Solange ameondoka lakini Divine amegoma kwenda. Amezunguka nje, amesimama hapa dirishani, kidevu juu ya mbao, na kumbe muda wote ninaoandika alikuwa anaangalia karatasi. Sasa ameanza. Kidole chake kimepita juu ya mkono wangu, kiko kwenye karatasi ya kwanza, mstari wa kwanza kabisa, anasoma kwa sauti: Ma-pe-ndo wa-ngu. Hajakariri, hii hakuna mtu aliyemsomea. Amefika kwenye kwaya, amevuka. Amefika kwenye shati la baba yako na anacheka. Ananiuliza, "Maman, niendelee?" Nimemwambia aendelee.

Nawasikia mnarudi na wimbo. Dirisha liko wazi, mwalimu. Yeye bado anasoma.

Mama yako.